Mstari Uliopinda Ubavuni mwa Meli

Ile siku niliyoliona ziwa kwa mara ya kwanza naikumbuka hadi leo, mwanangu, naikumbuka mpaka rangi ya bluu iliyokuwa imekauka kwenye kucha zangu. Nilikuwa nimekaa juu ya magunia matupu nyuma ya lori. Tulikuwa tumetoka Ngara alfajiri, tukapita Biharamulo mjini bila hata kunywa chai, na lori lilipomaliza kupanda kilima cha mwisho, weee! Maji! Maji mpaka basi! Nikapiga makofi juu ya kichwa cha lori huku nikipayuka, "Simama! Simama nione!" Dereva alikuwa mtu wa Chato, amezaliwa na maji hayo mlangoni. Akatoa kichwa dirishani akaniuliza kama nimeumwa na nyuki.

Usicheke, Koleta. Mimi nimekulia Murukulazo. Maji niliyoyajua ni ya mto, ambayo ukisimama huku unaweza kumsalimia mtu wa kule naye akaitikia. Nilimwuliza yule dereva, "Ng'ambo iko wapi?" Akasema, "Ng'ambo ni Uganda." Nikaendelea kukodoa macho.

Nakusimulia haya kwa sababu juzi ulinipeleka Kibimba kuiona mashine yako ya kusaga. Nilifurahi, Mungu anajua. Mashine imepita mikono mitatu, wewe ni wa nne, na tayari umelipaka jengo rangi ya machungwa na jina lako umeliandika mlangoni. Hongera sana. Lakini nilimwona Mzee Simoni, aliyewaendeshea mashine hiyo wenyewe wote watatu, amekaa nje, kofia iko mapajani. Ukaniambia umempumzisha. Ukaniambia pia kwamba lile tambara jekundu alilolifunga kwenye wenzo wa injini utalitoa, kwa sababu linaonekana uchafu. Sikusema kitu mbele ya watu. Sasa tuko wawili, vuta kigoda ukae, nikueleze jinsi baba yako alivyonusurika kuzamisha meli.

Ulikuwa mwaka ule wakimbizi wa vita vya nchi jirani walipovuka kuja kwetu kwa wingi. Barabara ilijaa watu waliobeba magodoro na masufuria, wazee wamebebwa mgongoni, na vilima tulivyozoea kuviona vya nyasi vikageuka mahema. Wilaya nzima ilichangamka, mwanangu! Malori yalipanda na kushuka, wageni wa kila lugha walijaa Ngara mjini, na kila aliyekuwa na mikono alipata kazi. Kazi yangu ilikuwa maandishi. Kabla ya hapo niliandika mbao za maduka na za vinyozi, lakini sasa nikaitwa kambini kuandika MAJI, ZAHANATI, CHOO CHA WANAWAKE. Herufi zangu zilisimama wima, hakuna iliyoinama. Watu walikuwa wanasimama kuziangalia, nami nikijifanya sijawaona.

Kambini watu walikula mahindi yaliyoletwa kwa malori, na lori likichelewa, kila mtu alijua. Watoto waliponiona nashuka barabarani na kopo langu waliniuliza kama nimeyaona magari ya mahindi huko nilikotoka. Ndipo akatokea Tajiri Masanja, Msukuma mmoja mchangamfu mwenye malori yake, aliyekuwa amenunua meli kuukuu ya mizigo ili avushe mahindi kutoka Mwanza hadi Nyamirembe, na hapo malori yake yayapokee. Nyamirembe wakati huo ilikuwa bado wilaya ya Biharamulo. Akazitazama herufi zangu, akaniuliza, "Kijana, umewahi kupaka meli?" Nikasema ndiyo. Uongo mtupu! Hata ubao wa mtumbwi nilikuwa sijawahi kuupaka. Kesho yake nikapanda lori.

Basi nikafika gatini, nikaiona. Lo! Chuma kirefu kuliko kanisa, kimejaa kutu, bomba lake la moshi limeinama kidogo, na tumbo lake limefunguka kwa juu mlango mpana ajabu. Juu yake alikaa mzee mmoja mwembamba, kaptula yake imefungwa kwa kamba, anakwangua kutu kwa kipande cha chuma bapa.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Wewe ndiye fundi wa rangi kutoka milimani?"

"Ndiye mimi."

"Una viatu vizuri. Vua, utateleza."

Huyo alikuwa Mzee Lukonge, Mzinza wa hapo hapo, serahangi wa meli, yaani msimamizi wa mabaharia. Wenye meli walikuwa wamebadilika, manahodha walikuwa wamebadilika, yeye yupo tu. Jicho lake moja lilikuwa limeanza kuingia ukungu, lakini miguu yake iliijua meli ile yote. Alipita juu ya kamba na vyuma bila kutazama chini, huku mimi nagonga ugoko kila hatua.

Wiki nzima tulikwangua pamoja. Mwanangu, hiyo kazi ilikuwa na raha ambayo sijaipata tena! Rangi ilikuwa juu ya rangi, na kila tulipotoa ganda moja, jina jingine lilijitokeza. La juu lilikuwa MAMA PERPETUA. Mzee Lukonge akacheka, akasema hilo ni la mfanyabiashara wa Musoma, mtu mwema, aliyeipa meli jina la mkewe, kisha mkewe akapanda mara moja tu, akatapika njia nzima, akaapa hairudii. Chini yake tukakuta NYOTA YA PAMBA, herufi za kijani. Hiyo ni miaka ya watu wa pamba. Ndio waliokata huo mlango mpana wa juu, kwa sababu marobota ya pamba hayakupita kwenye mlango wa zamani. Tukakwangua tena, tukafika kwenye MKOMBOZI, jina la baada ya Uhuru, meli ikiwa mali ya umma. Lukonge alikuwa ndio kwanza ameajiriwa, akapewa sare yenye vifungo. Na chini kabisa, kwenye chuma chenyewe, kulikuwa na jina la Kizungu, kama kusema BI MARGARETI, la wakati ilipoletwa vipande vipande kwa treni ikaunganishwa ziwani. Baba yake Lukonge ndiye aliyekuwa baharia siku hizo. Nilikaa juu ya ubao wangu unaoning'inia, miguu hewani, maji yakimeta chini yangu, nikajiona nimepewa kazi ya maana kuliko mtu yeyote wa Murukulazo. Jina jipya lilikuwa TUMAINI JIPYA, na ningeliandika mimi!

Ubavuni, karibu na maji, kulikuwa na alama mbili. Moja ilikuwa pete safi iliyochongwa ndani ya chuma na mstari ulionyooka katikati. Hiyo walioiunda meli ndio walioiweka. Nyingine ilikuwa chini yake, kama mkono mmoja hivi kutoka kiwikoni hadi vidoleni. Ulikuwa mstari wa chuma kilichochomelewa juu juu, una mabonge, na umepinda. Umepinda vibaya! Mimi mtu wa herufi zilizonyooka niliuona nikahisi jino linaniuma.

"Mzee, huu nao ni nini?"

"Huo wangu," akasema. "Huo usiuguse mpaka nirudi. Nitakueleza."

Alikuwa anaondoka asubuhi ile kwenda matangani Bwanga, amefiwa na dada yake. Akachukua kifurushi chake akaenda. Neno lilikuwa hilo tu: usiuguse. Ni neno gumu hilo? Mtoto wa chekechea angelielewa.

Lakini sikiliza jinsi tulivyokuwa tunafanya Ngara. Duka likibadilisha mwenyewe, fundi wa maandishi hufuta ukuta wote. Huachi hata nukta ya mwenyewe wa zamani, maana ukiacha, wateja watasema duka bado la fulani, na mwenyewe mpya atakuona umemdharau. Huo ndio ulikuwa ufundi wetu, na nilijivuna kwa huo. Basi siku ya tatu Tajiri Masanja akaja gatini na mawani yake meusi, akaiona meli imeng'aa, akapiga mluzi. Kisha akanyoosha kidole. "Na hiyo mistari miwili ya nini? Acha mmoja, huo mzuri."

Ningemwambia, "Bosi, Mzee Lukonge amesema tumsubiri." Maneno machache tu. Sikuyasema. Moyoni nilikuwa nimeshasema kwamba mzee ana wivu na kazi yake mbaya ya kuchomelea. Nikachukua tupa nikayasaga mabonge, nikajaza lami ya kuzibia, nikapaka bluu mara tatu. Pande zote mbili. Ile pete ya juu nikaipaka nyeupe ikawaka. Nikarudi nyuma hatua kadhaa kuitazama, nikajipongeza kwa sauti.

Tukaenda Mwanza meli ikiwa tupu, nami nimo! Tajiri alisema nimestahili kupanda. Nahodha alikuwa mpya, mtu mpole wa Bukoba, na mabaharia wote wapya. Mwanza wapagazi wakaanza kushusha magunia tumboni, wakiimba, vumbi la mahindi likipanda, na nahodha akasimama gatini akiangalia ile pete yangu nyeupe. Maji yalipofika kwenye mstari wake, akainua mkono: basi. Nikaona fahari, mwanangu. Meli nzima inasimama kwa alama niliyoipaka mimi!

Wakati kamba zinafunguliwa, akatokea Mzee Lukonge. Alikuwa ametoka matangani moja kwa moja kwa gari, kivuko, kisha gari, ili aiwahi meli yake. Akaruka ndani na kifurushi kikiwa begani. Akasimama kidogo akiwa peku, kama anayeonja kitu kwa nyayo.

"Mbona naiona nzito?" akasema. Akainama ukingoni, akalikaza lile jicho moja zima, akaona weupe ukigusana na maji. Akanigeukia. "Fundi, mstari wangu upo?"

Koleta, sikia. Watu walikuwa wengi pale. Nahodha alikuwa anatazama. Nilikuwa nimesifiwa siku nne mfululizo.

"Upo, Mzee," nikasema. "Nimeupaka upya."

Akanipiga begani, akasema vizuri, akaenda kukunja kamba. Aliniamini hivyo tu. Nami nikashika chuma cha pembeni kwa nguvu.

Saa mbili za kwanza zilikuwa tamu. Jua, upepo mdogo, ndege weupe, visiwa vinakuja na kupita. Nikajidanganya kwamba imekwisha. Mnamo saa saba mchana upepo ukageuka, mawimbi yakaanza kuja kwa ubavu. Si makubwa! Mabaharia walikuwa wanacheka. Lakini meli haikupanda juu yake. Iliyaacha yaje. Wimbi likaruka ukingo, likateleza mpaka kwenye ule mlango mpana wa juu, likarudi. La pili likafika kwenye turubai lililoufunika. La tatu likapita chini ya turubai, na tukasikia maji yanaingia tumboni, kwenye mahindi. Hakuna aliyecheka tena.

Mzee Lukonge alisimama katikati, macho yamemtoka. "Hii siyo meli ninayoijua," akasema. "Haijawahi kunywa maji tangu nilipoiwekea mstari. Haijawahi!"

Nikasema. Sijui niliipata wapi sauti. "Mzee, nimeufuta. Mstari wako nimeufuta. Kilichopo ni pete."

Hakunipiga. Hakunitukana. Alipanda ngazi kwa nahodha kwa kasi ambayo sikuitegemea kwa umri wake, na hapo ndipo niliposikia alichotaka kunieleza. Watu wa pamba walipokata mlango ule, meli ilishushwa majini ikapakiwa hadi kwenye pete ya zamani, na safari ya kwanza tu ikanywa maji mpaka wakatupa marobota ziwani. Kwa hiyo yeye na mchomeleaji mmoja wakaingia majini, wakapima kwa mkono wake, wakaweka mstari mpya huku meli inacheza. Ndiyo maana ulipinda. Tangu siku hiyo hakuna aliyepakia zaidi ya hapo. Tajiri mpya hakuambiwa, na yeye hakuuliza. Lukonge alitegemea mstari useme.

Nahodha hakubishana. Akageuza omo, yaani kichwa cha meli, taratibu, tukaelekea upande wa kisiwa cha Kome kujificha upepo. Nusu saa ile! Mimi na mabaharia wawili tulilala juu ya turubai, tumelishikilia kwa miili yetu, mawimbi yanatupiga mgongoni, nami nasali kwa Kihangaza, kwa Kiswahili, na kwa Kilatini kidogo nilichokikariri kanisani. Kila wimbi lilipotupita nilipiga kelele, "Bado tupo!" na yule mwenzangu akaitikia, "Tupo!" Tulipoingia nyuma ya kisiwa maji yakatulia ghafla, sote tukaanza kucheka na kulia kwa pamoja.

Wavuvi wakatuona, wakaja na mitumbwi yao bila kuitwa. Lukonge akawaeleza: haya ni mahindi ya wakimbizi wa Ngara, tusaidieni kuyashusha, tutayarudia. Wakapanda. Lakini tushushe mpaka wapi? Hapo mzee akanitazama kwa mara ya kwanza. Akanipa kile kipande chake cha chuma bapa.

"Wewe unajua ulipouficha. Shuka."

Wakanifunga kamba kiunoni, wakaniteremsha ubavuni mpaka maji yakanifika kifuani. Nikapapasa chini ya pete, chini ya maji, nikakwangua rangi yangu nzuri ya bluu. Ilitoka kwa maganda. Nikakwangua lami. Juu yangu magunia yalikuwa yanashuka, wavuvi wanaitana, meli inainuka kidogo kidogo, na ghafla vidole vyangu vikagusa bonge, na bonge jingine. Tupa yangu haikuwa imemaliza kila kitu! "Upo!" nikapayuka. "Mzee, upo kweli!" Gunia baada ya gunia, ule mstari ukatoka majini, umepinda vilevile, na watu wakashangilia kama wameona mwezi wa sikukuu.

Waliponivuta juu natetemeka, Mzee Lukonge alinifunika kwa gunia. Kisha akanikaripia, sauti chini, na maneno yake ninayo mpaka leo.

"Kufuta ni ujinga, na ujinga naufahamu, hata mimi nimekuwa nao. Lakini nilikuuliza. Nilikuuliza mbele ya uso wako, ukanijibu upo. Kwa jibu lako nikawaacha watu hawa waondoke gatini. Ungenijibu umekosea, tungecheka, tungeshusha magunia, tungekwenda."

Nyamirembe Tajiri Masanja alitusubiri na malori yamepanga mstari, anafoka kwa kuchelewa. Kabla nahodha hajafungua mdomo nikashuka, nikasimama mbele ya madereva wote, nikasema, "Ni mimi. Niliambiwa nisiguse, nikagusa. Nikaulizwa, nikadanganya." Tajiri akafungua kinywa anifukuze. Kisha akakumbuka kidole chake kilivyonyooka siku ile, akavua mawani, akayafuta kwa shati, akasema mahindi yapakiwe. Kesho yake meli ikarudi Kome, na wavuvi wakatukabidhi kila gunia.

Nami nikapewa kazi ya mwisho. Mchomeleaji akaurudishia mstari mabonge yake, kisha Lukonge akanipa rangi nyeupe, akasema, "Upake ulivyo. Usiunyooshe." Nilitumia mchana mzima, mwanangu! Kuiga mpindo wa mkono wa mtu mwingine ni kazi kuliko herufi elfu. Alipouona, akaguna tu, akanipa samaki wa kuchoma.

Baada ya miaka nilipita tena huko. Mzee Lukonge alikuwa amekwisha kuzikwa. Meli ilikuwa na mwenyewe mwingine, jina jingine, rangi nyekundu. Nikashuka mpaka majini kutazama. Mstari ulikuwepo, umepakwa vizuri, umepinda palepale. Nililia pale gatini, mtu mzima na mvi zake.

Sasa nakuambia wazi, usije ukasema baba anazungusha maneno. Ukipokea kitu kilichopita kwa wengine, iwe mashine, shamba, ofisi, hata ndoa yenye watoto wa mtu, kabla hujafuta chochote tafuta aliyekuwepo umwulize hiki ni cha nini. Usipomwelewa, mwulize tena. Na ukiwa umeshafuta, halafu ukaulizwa, sema nimefuta. Sema papo hapo, hata kama soko zima linakutazama.

Lile tambara jekundu mimi sijui ni la nini, nawe hujui. Mzee Simoni anajua. Huenda linaonyesha mahali ambapo injini ikisukumwa zaidi mkanda unaruka, na wewe unawaweka wasichana wawili wa kupokea unga karibu na mkanda huo. Huenda ni la kupangusia jasho tu, tukacheka. Chukua khanga yako, bado jua lipo. Tunakwenda kwake wote wawili, na shikamoo utatangulia kuitoa wewe.

Na Mungu wa babu zako aibariki mikono yako, Koleta. Mashine yako isage miaka mingi na isimwumize mtu. Akupe wazee wa kukukaripia, akupe na kinywa chepesi cha kusema nimekosea. Na siku utakapoiachia wengine, ampe huyo wa tano akili ya kuja kukuuliza.